Uzoefu wangu na mashine ya presha ya nyumbani, kwa sie ambao kila kipimo kinasoma "kawaida"

Kabla sijaongelea mashine yenyewe niwaambie kwanza nilikua natafuta nini, maana kama una presha ya kupanda inayojulikana hii review haitakusaidia sana.

Mimi ndo wale ambao mwili umegoma ila makaratasi ya maabara yanasema uko fresh. Nikisimama nasikia kizunguzungu, moyo unaenda mbio hata sijakimbia popote, mikono inatetemeka, vyombo naosha nimekaa kwenye kigoda, na kuna ukungu kichwani yaani naingia jikoni nasahau nimefata nini. Halafu kuna siku niko poa kabisa, naenda Tandika sokoni narudi na mizigo yangu, kesho yake kutoka kitandani ni shughuli. Ilianza baada ya mafua makali mwaka 2022, mafua yakaisha hii ikabaki.

Majibu niliyopewa mpaka sasa ni taifodi (hii ndo bingwa), UTI, vidonda vya tumbo, presha ya kushuka, "dada una mawazo sana", na shangazi yangu wa Tanga yeye ana uhakika kuna mtu kazini kanifanyia kitu. Kwenye taifodi nimekunywa dawa, nimechomwa sindano, narudi kupima inasoma tena ipo. Siku moja kijana wa maabara ndo akaniambia dada kile kipimo cha Widal kinaangalia kinga za mwili, hakimuoni mdudu mwenyewe, na kwa sisi tunaoishi huku taifodi ilipojaa unaweza kuwa na hizo kinga na wala huumwi, ukitaka uhakika damu inaoteshwa maabara waone kama mdudu mwenyewe yumo. Kumbe kipimo chenyewe ni cha tangu 1896 jamani! Nimetibiwa mara ngapi kwa karatasi ile, sitaki hata kuhesabu.

Sasa mashine. Nilinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa tiba, laki moja na kitu, ni ile ya mkanda wa kuvaa mkono wa juu karibu na bega. Jina la kampuni siweki mtu asije akasema nimelipwa. Kulikua na zile ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono, bei chee, muuzaji anazisifia kweli, ila nesi ninayemfahamu alishanionya kwamba zile usipoweka mkono usawa wa moyo sawasawa zinakudanganya, nikakaza hapo hapo na ya mkono wa juu.

Kilichonifanya ninunue ni kitu kimoja. Kila hospitali niliyokwenda presha napimwa nimekaa, tena baada ya kukaa kwenye benchi la kusubiri lisaa lizima, nesi anaangalia anasema "presha yako nzuri sana mama" naingia kwa daktari. Na mimi shida yangu ni nikisimama! Nikisema inakua maneno yangu tu, kwenye faili imeandikwa nzuri. Nikasema basi nitapima mwenyewe.

Navyofanya ni hivi. Asubuhi kabla ya chai nalala chali dakika kumi bila simu bila stori na mtu, mkanda ukiwa umeshafungwa, napima nimelala. Halafu nasimama nimeegemea ukuta, miguu imesogea mbele kidogo, sitembei, napima tena dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya kumi. Mkono wenye mkanda naulaza juu ya kabati ili uwe usawa wa moyo, ukiuacha unaning'inia presha inasoma juu kuliko ilivyo. Na lazima kuwe na mtu nyumbani, usije ukaanguka peke yako.

Mara ya kwanza nimelala ilisoma 112 kwa 70, mapigo 68. Nimesimama dakika ya kumi presha 116 kwa 80, yaani haijashuka hata kidogo, ile stori ya presha ya kushuka ikafia pale, lakini mapigo 112! Nimesimama tu ukutani, vidole vya miguu vimeanza kugeuka rangi, jasho linatoka, na sijainua hata ndoo. Ile namba ndogo ya chini kwenye kioo, ya tatu, ndo hakuna mtu alikua anaihangaikia miaka yote. Wote wanasoma mbili za juu wanafunga faili.

Nikaandika kwenye daftari asubuhi mfululizo, tarehe, nimelala, nimesimama, nilijisikiaje, kama niko kwenye siku zangu au la. Daktari bingwa niliyempelekea aliliangalia lile daftari kuliko alivyoniangalia mimi haha. Akasema mtu mzima mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, presha haijashuka, na hali imeendelea miezi mitatu na kuendelea, kuna tatizo linaitwa POTS la kulifikiria, linawapata sana wanawake wa umri wetu na mara nyingi linaanza baada ya maambukizi. Ila akakataa kabisa kuniandikia kwamba ndo hilo. Kwanza ahakikishe si mengine, upungufu wa damu, tezi la shingo, moyo wenyewe, kukauka maji. Wingi wa damu ulikua kawaida kama siku zote ila akiba ya madini chuma ikaonekana iko chini mno, kipimo hiki nilikua sijawahi hata kuandikiwa. Nimeanza vidonge vya chuma, maji naongeza, asubuhi naamka kwa hatua, nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Nimepata nafuu ila sijapona, na jina la ugonjwa bado sina, kuna mashine ya kuvaa kifuani masaa 24 nasubiri foleni yake.

Chumvi naomba msikurupuke. Ukisoma mtandaoni utaona wenye POTS wanaambiwa waongeze chumvi, ni kweli wengine madaktari wanawaambia, lakini kama una presha ya kupanda au figo zina shida unajimaliza mwenyewe. Hiyo muulize daktari wako.

Kasoro za mashine zipo. Inakula betri balaa, na waya wa kuchomeka umeme unauzwa pembeni. Mkanda uliokuja nao ni wa mkono wa sentimita 22 mpaka 32, mama mkwe wangu alivyojipima ikasoma juu akaanza kulia anakufa, kumbe mkono wake mnene na mkanda ukiwa mdogo namba inapanda, tukamtafutia mkanda mkubwa ikasoma vizuri. Kuna alama ya moyo inawaka ikiona mapigo hayana mpangilio, kwangu iliwaka nikiwa naongea au nimejitikisa, isikutoe roho, ila ikiwaka mara kwa mara umekaa kimya nenda hospitali.

Na kama wewe ni mtu wa wasiwasi fikiria mara mbili. Kuna kipindi nilikua napima kila nikihisi kitu, usiku wa manane nashtuka napima, naona mapigo 95 naogopa, napima tena 104, mpaka baba watoto akaificha juu ya kabati akawa ananipa asubuhi tu. Alifanya la maana, ingawa siku ile tulinuniana.

Nyota nne kwa tano. Moja nimekata kwa ajili ya betri na ule waya. Ukinunua ibebe siku ya kliniki, muombe nesi apime na ya kwao halafu na yako, mkono uleule, mkipumzika dakika moja au mbili katikati, yangu ilipishana na yao kidogo sana. Ikipishana mbali irudishe dukani mapema, risiti usitupe.