Mikanda ya racheti kwenye Fuso: miezi minane ya kubeba mbao Mafinga–Dar

Miaka yote nilifunga mbao kwa kamba ya manila na vipande vya mipira ya tairi, mimi na utingo tunavuta mpaka viganja vinawaka. Januari nikanunua mikanda sita ya racheti, yaani yenye kikazio cha meno unachokaza kwa mpini, pale Gerezani, Kariakoo: upana milimita 50, urefu mita 9, ndoano kila upande. Kwenye kamba sirudi tena.

Ila usinunue kwa maneno ya muuzaji. Soma lebo ya bluu iliyoshonwa kwenye mkanda. Bluu ni poliesta, haivutiki sana. Mimi nilionyeshwa namba 5,000 nikaambiwa, "Kaka, hii inashika tani tano." Si kweli. Hicho ni kiwango cha mvuto ambao mkanda uliozungushwa kama kitanzi unaruhusiwa kubeba. Ukiupitisha juu ya mbao, kinachozikandamiza ni kile ulichokaza kwa mkono, nacho kimeandikwa kwenye lebo hiyohiyo penye herufi STF. Yangu ni 300, kama kilo 300 hivi. Ndiyo maana mmoja hautoshi, hata uwe imara namna gani.

Halafu kuna kulegea. Mbao zikitikiswa njiani zinashikana, mzigo unashuka. Safari ya kwanza nilisimama Ilula kabla ya kuteremka Kitonga, nikagusa mkanda wa mbele: unacheza kama kamba ya kuanikia nguo! Nikapiga mpini mara tatu, ukakaza. Tangu siku hiyo Ilula nasimama, mvua inyeshe, tajiri apige simu. Na mbao nazisukuma mpaka ziguse ubao wa mbele wa bodi, kwa sababu kwenye mteremko ukishika breki mzigo wote unataka kuja kwako, na mkanda wa juu peke yake hauuzuii.

Mmoja umeshakufa. Kona ya mbao ya juu iliula taratibu, nyuzi zikaanza kutoka kama ndevu, nikautoa. Sasa kila kona naweka kipande cha tairi kuukuu. Mwingine utingo aliufunga fundo ulipokuwa mfupi, nikamkatalia palepale. Mkanda wenye fundo umepoteza nguvu. Vumbi nalo hukwamisha meno ya racheti, kwa hiyo nayafuta na kuyatia oili kidogo kila wiki.

Mwezi huu naongeza minne, ya mita 12. Ya mita 9 mzigo ukipanda sana haifiki.