Uzoefu wangu: kuni kavu za kununua kwa mita, Njombe

Naandika haya kwa ajili ya wenye matanuri, mama lishe na wote wenye meko ya ndani huku nyanda za juu, maana baridi ya Juni ikiingia swali huwa moja: kuni kavu kweli zinapatikana wapi? Mimi naoka mikate na skonsi kwa tanuri la matofali mjini Njombe. Mzee ninayenunua kwake yuko nje kidogo ya mji, ana shamba lake la miwati na milingoti (mikaratusi), na anauza kuni zilizopasuliwa na kukaushwa. Bei yake iko juu. Mzigo ambao kwingine nilikuwa nalipia elfu kumi, kwake ni kama elfu kumi na tatu. Bado sijaona sababu ya kuhama.

Mlingoti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuingiza kwenye tanuri hivyo hivyo, moto unaanza kwa kuchemsha maji yale mpaka yaondoke, na kinachosalia ndicho cha kuokea. Kilo moja ya kuni mbichi namna hiyo inatoa joto la megajuli 8 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi maji yakabaki asilimia 20 inatoa 14 na zaidi. Kwa hiyo anayekupimia kuni mbichi kwa uzito anakuuzia maji kwa bei ya mti, na anayekuuzia kwa tripu anakuuzia moto ambao sehemu yake itaishia kuchemsha maji. Ukipiga hesabu kwa joto la kila kilo badala ya wingi wa vipande, ile elfu tatu ya nyongeza inarudi na chenji.

Wenzangu wa tanuri la matofali wanaijua dalili ninayoisema. Moto ukiwa mchanga, masizi yanalifunika kuba lote likawa jeusi. Joto likipanda vya kutosha masizi yenyewe yanaungua, matofali yanarudi meupe. Hapo unakokota makaa nje, unafuta sakafu kwa gunia lililoloweshwa, unaingiza mikate. Kwa kuni mbichi kuba halisafiki. Unaongeza kuni, moshi unajaa, macho yanachuruzika, bomba la moshi linaanza kutoa uchafu mweusi mzito kama lami, na huku kumekucha na vijana wa bodaboda wamesimama mlangoni wanasubiri mikate ya kupeleka madukani. Mkate wenyewe unatoka chini mweupe, juu umeungua. Mteja hataki kusikia habari za kuni.

Nilipofika kwa mzee mara ya kwanza nilikuwa na hela mkononi na usafiri nimeshakodi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwonyesha rundo kubwa lililokuwa karibu na barabara, limepangwa vizuri, linapendeza.

“Hizo hapana, mama,” akasema. “Hizo nimepasua mvua ilipoisha. Njoo Oktoba.”

“Mzee, wenzio wananiuzia za hivi hivi wanasema kavu.”

“Kavu za mdomoni hizo.”

Akanipeleka nyuma ya banda kwenye kuni za msimu uliopita. Hazikuwa nyingi. Akaniambia chukua hizi za kuanzia, halafu hizo nyingine nikuwekee. Mfanyabiashara anayekataa hela ya leo kwa sababu bidhaa haijafika ni wa kuchunguza zaidi, nami nilimchunguza.

Anavyokausha hakuna uchawi, kuna subira tu. Mti unakatwa, unakatwakatwa vipande vya nusu mita na kupasuliwa palepale ungali mbichi, kwa sababu mlingoti ukikaukia kwenye gogo shoka linadunda; nyuzi zake zimejisokota. Tena gogo zima lenye magome linashikilia maji muda mrefu sana. Vipande vinapangwa juu ya magogo ili visiguse udongo, juu kuna mabati, pembeni kote wazi. Hapo kwenye pembeni wazi ndipo wengi wanaharibu. Wanafunika kuni kwa turubai mpaka chini wakidhani wanazikinga, kumbe wanazifungia unyevu, na baada ya wiki chache kuni zinaota kuvu. Kinachokausha ni upepo, na Njombe upepo haujawahi kuwa tatizo. Tatizo letu ni ukungu wa Juni na Julai: asubuhi nzima kila kitu kimelowa umande. Ndiyo maana kuni zilizopasuliwa Mei, masika yakiisha, yeye hazigusi mpaka Oktoba, na zile nene anazisogeza mwaka unaofuata.

Sikumwamini kwa maneno, nikapima. Mwenye tanuri ana bahati ya kuwa na kipimo nyumbani. Nilichukua kipande kwenye mzigo wake, nikakiweka kwenye mizani ya unga: kilo moja na robo. Jioni tanuri likiwa limebaki na uvuguvugu wa kukausha bila kuunguza nikakiingiza, nikawa nakipima kila nikitoka kuoka, mpaka uzito ukaacha kushuka. Kilo moja na robo ikishuka hadi kilo moja kamili, ujue maji yalikuwa asilimia 20. Kipande chake kiligoma juu kidogo ya kilo. Nikafanya vilevile kwa kipande kilichobaki cha muuzaji wa zamani, aliyekuwa akiniapia kwamba kuni zake zina mwaka mzima. Kilipoteza zaidi ya theluthi ya uzito.

Kama huna tanuri, zipo njia za haraka. Gonganisha vipande viwili: kuni kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa sauti nzito iliyoziba. Magome ya kuni kavu yanabanduka kwa mkono. Nyufa za kwenye ncha watu wanaziamini mno. Ncha hupasuka mapema wakati katikati bado kuna maji. Mzee mwenyewe ndiye aliyenipa shoka akasema chagua kipande chochote, popote kwenye rundo, pasua, weka shavu kwenye upande mpya. Ukisikia ubaridi wa unyevu, rudisha. Muuzaji wa zamani alikuwa anakuchagulia yeye cha kupasua.

Sasa kipimo. Huku kwetu kuni zinauzwa kwa tita, kwa tripu ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) au kwa mzigo wa kichwani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojulikana ukubwa wake. Kirikuu ikirushiwa kuni ovyo ovyo inaonekana imejaa mpaka juu. Zipange zilezile nyumbani, rundo linapungua unabaki unashangaa. Mita moja ya ujazo iliyopangwa vizuri yenyewe ina karibu theluthi ya hewa, sembuse za kurushwa. Mzee ana fremu ya mbao ya mita moja kwa moja kwa moja, safu mbili za vipande vya nusu mita, na anapanga wewe ukiangalia. Vipande vilivyopinda anavitupa pembeni, anawapa majirani. Kuna ujanja wa kupanga kwa kupishanisha ili katikati pabaki pango. Kwake ukiona pango unaruhusiwa kulijaza mwenyewe. Nimelijaza, hakununa.

Aina nazo hachanganyi. Mwati ni bei ya juu kidogo na ndio ninaoupenda: moto wake umetulia, makaa yake yanakaa. Tunauona kama mti wa hapa, lakini asili yake ni Australia, na huku ulipandwa kwa wingi kwa ajili ya magome. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilianza mwaka 1949 kwa biashara hiyo ya dawa ya kutengenezea ngozi, kuni zikiwa ziada tu. Mlingoti mkavu nao ni mzuri, ukikatwa unachipua tena kwenye kisiki. Mabanzi ya paini kutoka viwanda vya mbao anauza pia, rahisi, ila anakwambia waziwazi ni ya kuwashia. Yana utomvu, yanalipuka na kuzima, masizi kibao. Kuna wanaoyachanganya katikati ya mzigo wa mlingoti. Kwake sijakuta.

Na karatasi anazo. Miti ni yake ya kupanda, lakini kuni zikitoka zinatoka na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kwa hiyo kwenye geti la maliasili dereva anaonyesha anapita.

Yasiyonifurahisha yapo. Simu yake ni ya kubahatisha. Inazimwa hata siku mbili, ukimwuliza anasema alikuwa shambani. Hakopeshi kabisa, hata mteja wa muda mrefu, wakati sisi waokaji tunakopesha maduka na hela inachelewa kurudi. Mvua zikikolea barabara ya kwake inakuwa tope, kirikuu haipandi, na usafirishaji ni juu yako. Kubwa kuliko yote, kuni zinaisha. Ikifika Machi mara nyingi hana kitu, na hapo ndipo ninapolazimika kununua kwingine nikiwa na shoka langu mkononi. Nilimshauri aongeze mabanda. Akasema akiongeza atalazimika kuajiri watu wa kupanga, na watu wa kupanga hawapangi kama yeye. Nadhani ana haki, lakini mimi Machi naoka kwa shida.

Najua kuna watakaouliza kwa nini nisihamie gesi. Kwa keki na maandazi nimeshahamia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia huko ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Sipingi, shule yenye sufuria la wali na kuni mbichi ni mateso kwa mpishi. Ila tanuri langu la matofali, likishashika joto, linaoka mkupuo baada ya mkupuo bila moto, na hesabu ya mtungi kwa mikate mingi namna ile bado hainitoki vizuri. Maadamu nachoma kuni, bora zisiwe na maji.

Kwa anayetaka kujaribu: oda za Oktoba anaanza kuandika Mei kwenye daftari lake, unatoa nusu, anakupa karatasi yenye idadi ya mita na aina ya mti, nusu nyingine siku ya kuchukua baada ya kupasua kipande chako. Asiyeridhika anarudishiwa nusu yake. Nimeshuhudia jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni akirudishiwa, akaondoka na hela bila ugomvi. Chini ya mita moja hauzi. Nendeni asubuhi, ukungu ukishainuka, na kirikuu yenu wenyewe. Ukimpigia simu usitegemee.