Kununua njiwa wa Birmingham Roller kwa mfugaji makini
Mfugaji aliyeniuzia njiwa hawa, ambao asili yao ni Birmingham, Uingereza, anastahili sifa kwa sababu huwarusha wazazi wa makinda anayouza mbele ya mnunuzi kabla ya kuzungumzia bei. Hapo ndipo ubora huonekana: njiwa mzuri hubingirika angani kinyumenyume kwa kasi na kwa mstari ulionyooka, kisha hujizuia na kurudi kundini, ilhali asiyeweza kujizuia huweza kujigonga chini na kufa. Rangi, kwa maoni yangu, isimshawishi anayeanza. Alinishauri nichukue makinda yaliyotoka tu kuachishwa na wazazi, kwa kuwa njiwa wakubwa wakifunguliwa hurudi walikozaliwa. Pete za miguuni zilionyesha mwaka wa kuzaliwa; kumbukumbu za ukoo, hata hivyo, zilikuwa pungufu.