Wiki moja darasani na wenye notifikesheni: kozi ya madereva, Mtwara mjini

Nianze na madawati, maana ndiyo yaliyonipokea. Ni yale ya shule ya msingi, ya kukaa watoto watatu, na mimi peke yangu nina kilo 102. Siku ya kwanza nilikaa upande upande kama abiria wa mishikaki kwenye boda. Kwa hiyo kabla hujatoa Sh 85,000 yako, jua kwamba mgongo utauma. Hela hiyo ni ya siku 5, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, pamoja na chai ya saa 4: chapati moja, maharage, chai ya rangi. Ukumbi ni wa kukodi, si mbali na Soko Kuu. Jina la waendeshaji silitaji. Nina ya kuwasifu na ya kuwalalamikia, na mji wetu huu ukikohoa Shangani wanakuitikia Chikongola.

Sikwenda kwa kupenda. Mimi ni dereva wa Fuso, huu mwaka wa 19. Msimu wa korosho nabeba magunia kutoka maghala ya Newala na Masasi kuja kushusha Mtwara. Msimu ukiisha nabeba saruji, mbao, chochote kinachofungika kamba. Ndani ya miezi miwili nikala notifikesheni tatu, zile karatasi za faini za trafiki. Ya kwanza nilipigwa tochi Mikindani, 71 penye 50. Ya pili natoka Masasi, karibu na Mnazi Mmoja, 94 wakati gari la uzito kama langu mwisho wake ni 80. Ya tatu niliovateki kwenye mstari usiokatika, kona za Mikindani tena, kisa bajaji ilikuwa inatambaa mbele yangu na mimi nina haraka. Elfu 30 mara tatu. Tajiri, mwenye gari, akalipa mbili, ya tatu akanikata, halafu akachukua funguo akazitia kwenye droo. "Lete cheti cha kozi ndipo tuongee."

Darasani tulikuwa 23. Nilihesabu ili nisisinzie. Boda 9, bajaji 3, malori 5 nikiwemo mimi, Coaster na Noah za abiria 4, na wawili wenye magari yao binafsi. Hao wawili ndio wanawake pekee: mwalimu wa sekondari aliyemgonga kijana wa boda kwenye zebra, na mama mmoja mwenye duka la vitenge. Kwamba wanaume tulikuwa 21 halikumshangaza mtu. Mama wa vitenge alituangalia tulivyojaa akasema, "Kumbe mnajuana wote." Ni kweli, nilikuwa najuana na nusu yao.

Nilitegemea kukuta wahuni, vijana wavuta bangi na wa kuendesha kwa kusimama juu ya siti. Wawili watatu wa namna hiyo walikuwepo. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikaona tumegawanyika sehemu mbili, wala haikuwa wema na wabaya. Walikuwepo wasiojua na walikuwepo wanaojua kupita kiasi. Wasiojua wengi ni vijana wa boda. Mmoja alituambia bila aibu kwamba alijifunzia pikipiki kwenye mikorosho ya kaka yake siku nne, ya tano akapakia abiria. Leseni hana, alama ya "toa nafasi" alidhani ni tangazo. Wanaojua kupita kiasi ndio sisi wa malori na Coaster. Leseni zetu safi, sheria tunaikariri, hata ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tunaijua kwa jina. Makosa yetu ni mwendo na kuovateki, na tuliyatenda macho makavu.

Mwalimu wa kozi hii ndiye anayestahili hela yenu. Ni mzee mfupi, trafiki mstaafu, sauti ya chini, hana papara. Jumatatu asubuhi, kabla hata hatujaandika majina, akachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika MIMI, upande wa pili WENGINE. Akamtaka kila mmoja aseme kilichomleta, naye akawa anaandika sababu upande unaofaa. Trafiki alikuwa amejificha nyuma ya mwembe: WENGINE. Bajaji ilikuwa inatambaa: WENGINE, hiyo yangu. Abiria alinihimiza. Barabara haina alama. Breki zilichelewa, fundi yule. Mbuzi. Tajiri anataka hesabu. Tulipomaliza watu 23, WENGINE imejaa mpaka chini ya ubao na maneno yamepindishwa kuingia pembeni. MIMI ilikuwa nyeupe. Mzee hakusema neno. Akaweka chaki, akasema twendeni chai.

Hakuufuta ule ubao. Jumanne tukaukuta, Jumatano tukaukuta. Alhamisi kijana mmoja wa bajaji, wakati mzee anafundisha habari nyingine kabisa, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, andika pale kwamba mimi nilikuwa naangalia simu." Akaandika. Mpaka Ijumaa upande wa MIMI ulikuwa na mistari sita. Wa kwangu haumo, nilibaki nao moyoni, na hapa ndipo ninapouandika: niliovateki ile bajaji kwa sababu niliona haya kukaa nyuma ya bajaji.

Siku ya pili akauliza: nani humu anaendesha vizuri kuliko madereva wengi wa Mtwara? Mikono ikapanda. Akahesabu kwa sauti, ishirini. Sisi, tulioletwa pale kwa makosa! Yeye hakucheka, akatuambia kwamba mwaka 1981 mtafiti wa Uswidi, Ola Svenson, aliwauliza watu swali la namna hiyo, na kwa Wamarekani aliowauliza, 93 katika kila 100 walijiweka nusu ya juu kwa ustadi wa kuendesha; Waswidi wakawa 69. "Sasa nusu ya chini alikaa nani?" Mwalimu wa sekondari alicheka mpaka akatoa miwani. Mimi nilishusha mkono polepole, kama vile nilikuwa najikuna.

Lakini kilichonikaa ni kamba. Jumatano tulitoka uani. Mzee alikuwa na kamba ya katani, ile ya kufungia mizigo, ameipima mita 22. Akafunga ncha moja kwenye mwembe, akanipa ncha ya pili nitembee mpaka ikaze. Nikatembea. Nikapita choo, nikapita pikipiki zilizoegeshwa, nikapita mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha getini, kamba bado imelegea. Ilipokaza nilikuwa nusu ya barabara. Akaniita kwa sauti kutoka kule mwembeni: kwa mwendo wa 80, hiyo ndiyo njia unayokwenda kwa sekunde moja. Mtoto ametokea hapa kwenye mwembe, wewe ndiyo kwanza unamwona, mguu haujagusa breki, na umekwisha kufika hapo uliposimama. Breki inaanzia hapo. Na Fuso yenye magunia, tuulizane sisi tunaozijua, inaanza kusimama lini?

Nimeendesha miaka 19 na hakuna aliyewahi kunionyesha sekunde moja kwa kamba. Mama wa ming'oko akauliza tunapima kiwanja cha nani.

Habari ya pombe ilikwenda kwa vichekesho. Nani anakunywa? Hakuna mkono. Nani anakunywa uraka? Kimya, halafu mzee mmoja wa lori, mtu wa Tandahimba, akasema uraka si pombe, ni juisi ya mabibo iliyochelewa. Darasa zima tukaangua kicheko, na hapo mikono ikaanza kujitokeza yenyewe. Kwetu huku mabibo yanadondoka wakati uleule korosho zinapoanza kwenda ghalani, kwa hiyo dereva anabanana na uraka msimu wenye kazi nyingi kuliko yote. Mwalimu akaeleza kwamba ini halina gia ya pili, linaitoa pombe kwa mwendo wake ule ule, na supu ya pweza haiharakishi chochote, wala kahawa, wala kuoga. Wa uraka wa usiku anaweza kuamka asubuhi anajiona mzima na bado imo.

Kwangu mimi usingizi ndio ungepaswa kupewa siku nzima, na ulipewa nusu saa. Anayejua foleni ya ghala wakati wa msimu ananielewa. Unafika jioni, unalala kwa vipande juu ya usukani, kila gari likisogea unasogea, alfajiri ndiyo unapakiwa, na simu ya tajiri inakuuliza umefika wapi. Mzee alisema watafiti wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 17! Hizo kwetu ni siku ya kawaida. Nilitaka tuendelee hapo, lakini saa ilikuwa imekwisha na projekta inasubiri.

Projekta ndiyo lalamiko langu la kwanza. Tulionyeshwa video ya Kiingereza, bila tafsiri, ya kuendesha kwenye theluji. Theluji, Mtwara. Wa boda walitoka nje kuvuta sigara, na sikuwalaumu. La pili: siku tano zote hakuna aliyeshika usukani wala mpini. Kijana asiye na leseni ametoka pale anajua alama kwa picha, lakini breki ya mbele na ya nyuma zinavyoshirikiana hakuonyeshwa. Kwa sisi wazee wa kazi labda hatukuhitaji. Kwake ndiyo ilikuwa kozi yenyewe. Wametuchanganya chungu kimoja, asiyejua na anayejua kupita kiasi, na dawa zetu ni tofauti. La tatu ni mtihani wa Ijumaa. Msimamizi, kijana wa ofisini, si yule mzee, alitusomea maswali kisha akawa anakohoa kwenye jibu sahihi. Wote 23 tulifaulu. Dereva mmoja wa Coaster, ambaye wiki nzima alilaza kichwa juu ya dawati, alipata 18 kwa 20. Mimi nilipata 17.

Mzee alitusimulia pia wenzetu wanavyofanya, na hapo nilitega sikio. Hispania, tangu Julai 2006, leseni ya dereva mzoefu ina pointi 12 na kila kosa kubwa linang'oa. Zikipungua, kozi ya saa 12 inakurudishia 6. Zikiisha zote unanyang'anywa leseni, na kuipata tena kuna darasa la saa 24 na mtihani. Uingereza, aliyezidisha mwendo kidogo anaweza kupewa darasa badala ya pointi, lakini hawezi kurudia ndani ya miaka 3. Wajerumani wana upimaji wa akili na mwili kwa waliofungiwa leseni kwa makosa mazito, na wananchi wenyewe kwa utani wanauita mtihani wa wajinga. Huko kosa la mwaka jana linakufuata. Mimi notifikesheni nikishailipa, najiona nimemalizana nayo, na ndiyo maana nilikula tatu bila kushtuka.

Kitu kimoja niliandika kwenye karatasi yao ya maoni, na nasikia hawakuwa wamewahi kuandikiwa. Kati ya sisi 12 wa malori, bajaji, Coaster na Noah, niliwauliza mmoja mmoja kwenye chai, na kumi na mmoja tunapeleka hesabu, ile fedha iliyopangwa, kwa mwenye chombo. Hesabu haipungui kwa sababu barabara ina 50. Hakuna tajiri hata mmoja aliyekaa kwenye yale madawati. Nikapendekeza nusu siku ya Ijumaa wenye magari waitwe, washike na wao ile kamba. Msimamizi akaniambia ni wazo zuri, akaikunja karatasi mara nne.

Ukiamua kwenda: lipa mapema, maana siku ya kwanza kuna foleni na mtandao wa malipo unasumbua. Nenda na mto wa kukalia. Maji ya kunywa hayapo, nunua nje. Cheti waliahidi Ijumaa hiyohiyo, nilikipata Jumatano iliyofuata, na jina langu wamelikosea herufi moja. Kaa mbele, mzee haongei kwa nguvu. Kwa mzee peke yake natoa nyota tano. Kwa kozi nzima tatu.

Tajiri alikipokea cheti, akakiangalia mbele na nyuma, akakitia kwenye ile droo na kutoa funguo. Asubuhi iliyofuata nilipita Mikindani nikienda Masasi kupakia, mshale kwenye 48, natazama bahari kulia kwangu kama mtalii. Nyuma yangu kuna Coaster inapiga honi, inawasha taa, inapiga honi tena. Kwenye kona, juu ya mstari usiokatika, ikachomoka ikanipita. Dereva alitoa mkono dirishani kunipungia. Ni yule wa 18 kwa 20.