TAHADHARI KIGOMA: Kishoka wa mitungi ya kuzimia moto, kaniuzia upepo

Naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, na aibu ninayo, lakini huyu mtu bado anazunguka, kwa hiyo bora nionekane mjinga mimi kuliko jengo la mtu mwingine liteketee.

Wenye gesti, maduka, mabohari na migahawa, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji: kuna kijana anapita anajiita fundi wa mitungi ya kuzimia moto. Ni tapeli. Kanipiga 285,000, na pesa hiyo si ndiyo inayonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni mkono wa dada yangu wa jikoni.

Mnaonifahamu mnajua tangu baba watoto aondoke gesti yetu yote iko mabegani mwangu, na mwezi ule hali yangu mliiona, sirudii. Mitungi ilikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyejua inajazwa lini na nani. Halafu barua ya ukaguzi ilikuwa imeshafika na ilikuwa mezani inanitazama kila siku. Kijana akaja katikati ya hayo. Sijui nani alimwambia, ila nahisi aliambiwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Niko kwenye ngazi nahesabu mashuka na dobi. "Shikamoo mama." Ovaroli ya bluu yenye mistari inayong'aa, viatu vizito, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kitabu cha risiti mkononi. Nilipoitikia akaongeza salamu ya Kiha, nikamwona ni mtoto wa nyumbani. Akasema wao "wanafanya kazi na zimamoto." Hayo ndiyo maneno yake, yashikeni. Hakusema yeye ni zimamoto. Mimi ndiye niliyejazia.

Hakuomba hela. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa korido, akauteremsha ukutani, akausogeza sikioni kwangu na kuupindua taratibu. "Sikiliza mama. Umesikia kitu kikitembea? Hakuna. Poda imelala, imeganda. Huu hauzimi hata kiberiti." Na kweli sikusikia kitu! Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Poda ikikaa muda mrefu bila kuguswa inashikana chini, na mtungi unatakiwa ukaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka. Kanitega kwa ukweli. Akanionyesha stika ya mwisho, miaka imepita. Akasema, "Mama, soko la Kariakoo liliungua 2021 na lile ni soko la serikali. Wewe ukilaza wageni kumi na nne humu usiku moto ukawaka, utamwambia nini hakimu?" Niliwaza wageni wangu wa vyumba vya juu, dirisha zina nondo. Magoti yaliniisha.

Kisha akanitoa nje uani. Kaomba beseni bovu la bati, kamimina petroli kidogo, kawasha. Moto ukapanda hadi kifuani. Akachukua mtungi wake mwenyewe kutoka kwenye bajaji, kavuta pini, kaminya mara moja, fyaa! Wingu jeupe, moto haupo. Watoto wa jirani walipiga makofi na mimi nikapiga makofi. Ndiyo. Nilipiga makofi, na sasa kila nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Mtungi aliotumia ulikuwa wake. Yangu hakuijaribu hata mmoja, si kabla wala baada.

Mitungi tisa, nane ya poda ya kilo sita na mmoja wa gesi ya kuzimia moto (kaboni dioksidi) ulioko karibu na ubao wa umeme. 25,000 kila mmoja, jumla 225,000. Na 60,000 ya "cheti cha ukaguzi." Nikatuma kwenye simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu bila kupepesa, "Huyo mhasibu wetu." Nililiona lile jina, kidole kikiwa juu ya namba ya siri, na moyo ukaniambia subiri. Nikabonyeza. Mwanangu wa kwanza alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema kitu, mpaka leo hatujalizungumza.

Alibeba mitungi yote tisa kwa mpigo, akaniacha na jengo halina hata mmoja. Karudi baada ya magharibi. Mitungi inang'aa, rangi nyekundu mbichi, lakiri mpya kwenye pini, stika mpya ya tarehe, mishale ya geji yote iko kijani. Nikampa na soda.

Wiki ya tatu, mchana, dada anakaanga migebuka, mafuta ya karai yakashika moto. Nilikimbilia mtungi wa jikoni, nikavuta pini, nikaminya. Fssss. Kama tairi la baiskeli linaloisha upepo. Vumbi kidogo likadondoka miguuni kwangu, basi. Nikakimbilia wa korido, vilevile. Dada kwa hofu akajaribu kuliondoa karai jikoni, mafuta yakamrukia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Kijana wa mapokezi ndiye aliyekuja na sinia kubwa la bati akafunika, mimi nikafunga gesi. Namshukuru Mungu hakuna aliyemwaga maji, maana maji juu ya mafuta yanayowaka yangeurusha moto mpaka darini.

Shemeji alileta fundi wa kweli. Akatoa upepo kwanza, kisha akafungua. Poda ileile ya zamani, imeganda kama jiwe la chumvi, aliigonga kwa bisibisi. Mtungi mmoja ulikuwa na chokaa! Chokaa ya kupaka ukuta. Alichofanya yule mwizi ni kupaka rangi na kujaza upepo, fundi anasema ni wa kompresa, ule wa fundi pancha. Mshale wa geji unapima msukumo tu, haujui ndani kuna nini, kwa hiyo ulikaa kijani vizuri kabisa. Kumbe mitungi ya poda hujazwa naitrojeni kavu. Upepo wa kompresa una unyevu na ndio unaozidi kuigandisha poda. Ule wa gesi hauna hata geji, hupimwa kwa uzito. Tuliupeleka kwa jirani anayeuza dagaa, tukauweka kwenye mizani yake. Umegongwa chuma kwamba mtupu ni kilo 10.4 na gesi yake ni kilo tano. Mizani ikasoma kumi na nusu. Muuza dagaa alirudia kupima mara tatu.

Huyu si mwizi wa hela tu. Anayeiba kuku anafungwa, huyu aliyeniachia chokaa kwenye korido ya wageni waliolala afanywe nini? Nataka afungwe, na huyo "mhasibu" naye, na aliyempakia rangi naye! Nataka apelekwe hospitali aone mkono wa dada ukibadilishwa bandeji, asimame pale mpaka mwisho. Nimekwenda zimamoto, na wamenieleza kwa upole kuliko nilivyostahili: ada yao inalipwa kwa kontro namba ya serikali, hakuna ada ya ukaguzi inayotumwa kwenye simu ya mtu. Ningejua hilo moja tu asingenipata. Na risiti ya mashine hakunipa, alinipa ya kuandika kwa mkono. Na asikubebee mitungi yote siku moja. Na afungue mbele yako, uone poda ikimwagwa na mpya ikiingia. Akikataa, msimfukuze tu, piteni naye mpaka polisi, msimwachie njia!

Nasikia bajaji yake imeonekana njia ya Kasulu. Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, wenye vituo vya mafuta hasa, teremsheni mitungi yenu leo mpindue msikilize. Namba ya zimamoto ni 114.

Risiti zake ninazo, stika sijabandua. Mitungi miwili sijaifungua, naitunza kama ushahidi. Kama na wewe alikupitia, usiufungue wa kwako, njoo nao Mwanga twende polisi pamoja. Mizani ya dagaa ipo.