Magofu ya Gede: usiingie bila mtu wa kukutembeza

Kama uko Malindi na umechoka na bichi, panda matatu ya Watamu ushuke Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ni kama kilomita 16 tu, usikubali teksi, mmoja alitutajia bei nikadhani anatuuzia gari. Nilikua na wageni wa bara wanataka kuona kasri, nikawaambia jumba la mfalme lipo ila paa ndo halipo, wakanuna, walipofika kwa lile lango la tao wenyewe wakaanza kutoa simu.

Toeni pesa ya mtembezaji hapo getini jamani, bila yeye utaona mawe na kima basi. Wetu alikua mzee anajua hadi nani alichimba wapi, ati kazi kubwa ilifanywa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948 hadi 1958, na nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani, kuna Nyumba ya Mkasi, kuna ya Taa ya Chuma, na bakuli za Uchina zilitoka kibao. Kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, hapo nilisimama sana, Wareno wenyewe walikua hawajafika. Na walipofika wakakaa Malindi miaka na miaka, huu mji hapa karibu hawakuuandika popote! Mimi hilo ndo linanisumbua mpaka leo.

Jumbani mzee akatuonyesha zidaka za ukutani, baraza la sultani, halafu vyoo. Vyoo vya ndani ya nyumba, na pa kutawadhia pembeni, enzi hizo, na mimi nimekulia ploti ya choo kimoja wapangaji wote. Visima ni virefu ajabu, wengine husema maji yalizidi kushuka ndo watu wakahama miaka ya 1600 mwanzoni, wengine wanasema ni vita, na pia sheikh wa Malindi alikua ashahamia Mombasa 1593. Mzee hakutaka kuchagua moja, nikampenda kwa hilo.

UNESCO waliingiza Gede kwa urithi wa dunia 2024 kwa hivyo nendeni kabla hakujajaa watu. Asubuhi ni poa zaidi, kwenye miti kuna mbu, na ndizi ficheni, kima hawaombi. Nyota 4. Ukitoka pitia Kipepeo, ule mradi wa kufuga vipepeo hapo hapo ndani, watoto watakushukuru.