Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia na Darubini Yake: Nini Ununue, Nini Uache

Assalaam alaykum, watazamaji wangu wa Malindi, Lamu na kote mnakotufuata. Leo nazungumzia ununuzi wa bunduki ya kwanza ya kuwindia pamoja na darubini yake, na nitatoa hukumu yangu kabla ya sababu zake: anayeanza anunue bunduki ya bolti (inayojazwa kwa mkono baada ya kila mlio) ya risasi za .308 Winchester, yaani zenye unene wa inchi 0.308, aifunge darubini ya kawaida inayokuza mara 3 hadi 9, na fedha itakayobaki ainunulie risasi za mazoezi. Wengi hufanya kinyume. Hununua bunduki kubwa inayowatisha wao wenyewe, wakaipandishia darubini ya bei rahisi yenye ukuzaji wa kutisha, kisha wakarudi nyumbani na boksi moja tu la risasi.

Niseme kwanza jambo la sheria, kwa kuwa najua wapo watakaoniuliza mbona naeleza habari za kuwinda nami niko Malindi. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayeivunja, kwa hiyo asitoke mtu Gede akaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, wala asitoke mtu Hindi akaelekea msitu wa Boni, kwa kisingizio cha video yangu. Maneno haya yanawahusu jamaa zetu wa Tanzania, ambako mkazi anaweza kuwinda kwa leseni na mamlaka inayosimamia ni TAWA, pamoja na wale walioko Namibia na Afrika Kusini. Vifaa nitakavyovitaja nilivijaribu katika uwanja wa shabaha upande wa Tanzania, wenye vibali wakiwa kando yangu, na picha mnazoziona zilipigwa huko. Mezani kwangu hapa hakuna silaha.

Swali ambalo wanunuzi wengi hulitanguliza dukani ni umbali: bunduki hii inafika wapi? Naona swali hilo ndilo linalowapoteza. Katika nyika iliyo nyuma ya mji wetu, kuelekea Galana na Tsavo, Wasanye, ambao wenyewe hujiita Waata, waliwinda tembo kwa upinde mzito na mishale iliyopakwa sumu ya mti, na pamoja na uzito wote wa upinde ule mwindaji alilazimika kumsogelea mnyama hadi karibu mno, akiujua upepo, akijua pa kukanyaga. Mwenye bunduki ya kisasa anaweza kusimama mbali zaidi, lakini katika misitu ya miombo na vichaka vya Tanzania mnyama huonekana wazi akiwa ndani ya mita 150, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa umbali huo risasi yoyote ya kiasi inatosha. Kinachokosekana ni mkono uliotulia.

Ndiyo maana nashikilia .308. Risasi hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1952, inarusha kichwa cha risasi cha greni 150 hadi 180, yaani takriban gramu 10 hadi 12, na inamtosha swala pala, ngiri, kongoni na hata nyumbu iwapo mpigaji ameiweka mahali pake. Ndugu yake mkubwa, .30-06 ya mwaka 1906, ina nguvu zaidi kidogo na inasukuma bega zaidi kidogo. Ukiipata kwa bei nzuri sitagombana nawe. Mwenye mwili mwembamba, awe kijana au mama, aitazame .243 Winchester ya mwaka 1955, ambayo ni pole begani na inafaa kwa swala na wanyama wa kimo hicho, ingawa sitaipendekeza kwa nyumbu.

Sasa ile .375 H&H ambayo kila kijana huitaka. Ni risasi ya mwaka 1912, kichwa chake cha greni 300 kina uzito wa gramu 19 na ushei, na katika nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji halali ndicho kiwango cha chini kwa nyati na tembo. Msukumo wake begani ni zaidi ya mara mbili ya ule wa .308. Mtu akishapigwa na msukumo huo mara kadhaa, mwili hujifunza kuogopa bila kumwomba ruhusa: jicho hufumba, kidole hukivuta kifyatulio kwa pupa, na mtutu huzama kabla risasi haijatoka. Walimu wa shabaha wana njia ya kuufichua ugonjwa huu. Humwekea mwanafunzi risasi za kweli na za bandia zikiwa zimechanganywa bila yeye kujua mpangilio wake, na pale bunduki inapobofya tu bila kulia, kila aliyesimama nyuma yake huuona mtutu ukiinama. Huo ni ugonjwa mgumu kuuponya, na tiba yake ni kurudi kwenye bunduki ndogo, ambayo ndiyo ungenunua tangu mwanzo.

Mtaniambia habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyewaua tembo wengi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa risasi ndogo ya 7x57. Ni kweli, lakini Bell alilijua fuvu la tembo ndani na nje, na hadithi yake si ruhusa ya mgeni kumwendea nyati na .308. Kwetu Waislamu usahihi una uzito wa ziada, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akapotelea kichakani hadi kesho yake, nyama yake inaingia shaka. Bismillahi wakati wa kufyatua, kisu kikali kiunoni, na mengine ya fiqhi waulizeni mashekhe wenu, si mimi.

Nilizoshika ni mbili za bolti, yaani zile ambazo baada ya kila mlio unavuta mkono wa bolti kutoa ganda na kuusukuma kuingiza risasi nyingine. Tikka T3x inatengenezwa Finland na kampuni ya Sako. Bolti yake inateleza kwa ulaini unaoushangaza mkono uliozoea bunduki za zamani, na kifyatulio chake kinaweza kurekebishwa kiwe chepesi au kizito. Ile ya kitako cha plastiki haifiki kilo 3, jambo linalofurahisha unapotembea na kuudhi unapofyatua, kwa kuwa bunduki nyepesi husukuma bega zaidi kuliko nzito yenye risasi ileile. Ya pili, Ruger American, ni ya bei ya chini zaidi na haioni haya mbele ya ghali: kifyatulio chake pia kinarekebishika, na bolti yake, kama ya Tikka, huinuliwa nyuzi 70 tu badala ya 90 za muundo wa kale wa Mauser, hivyo mkono haugongi darubini. Mwenye uwezo achukue Tikka. Asiye nao achukue Ruger bila kujidharau, tofauti ya bei aiweke kwenye darubini.

Bunduki yoyote utakayochagua, ijaribu mwilini kabla ya kuitazama bei. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu risasi inamokaa, haina kitu, elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, ipandishe begani kwa namna unayojisikia vizuri, kisha fumbua. Ukiona duara zima la darubini lina mwanga bila kivuli pembeni, kitako kinakufaa. Ukilazimika kurefusha shingo au kuurudisha uso nyuma, hakikufai. Vitako vingi vimepimwa kwa miili ya Wazungu warefu, na watu wa kimo cha wengi wetu hapa pwani huhitaji kifupi zaidi. Fundi anaweza kukipunguza. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba utazoea.

Darubini ndiyo sehemu ninayotaka muitilie maanani, maana hapa ndipo fedha hupotea. Theluthi moja hadi nusu ya bajeti nzima iende kwenye darubini na pete zinazoifunga. Nilizilinganisha Leupold VX-Freedom na Vortex Crossfire II, zote za mara 3 hadi 9 zenye lenzi ya mbele ya milimita 40. Jua likiwa juu, sikuona tofauti ya kutajika baina yao. Jioni ilipoingia, Leupold iliendelea kuonyesha umbo la ubao wa shabaha dhidi ya kichaka wakati mwenzake alishaanza kuwa na ukungu wa kijivu, nayo ni nyepesi zaidi. Vortex ina dhamana ya maisha isiyouliza maswali mengi, na hilo ni jambo zuri sana kwa anayeishi Wisconsin kampuni iliko. Anayeishi Tanga au Mtwara na apige kwanza hesabu ya nauli ya kifurushi.

Kwa nini nisiwaambie mnunue lenzi ya milimita 56? Kwa sababu darubini hizo zilibuniwa kwa ajili ya wawindaji wa Ulaya wanaomngoja nguruwe mwitu katika machweo marefu na mbalamwezi. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako jua likizama haipiti nusu saa giza limeshatanda, na kuwinda usiku kwa taa ni kosa kisheria. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho: lenzi ya 40 ikikuza mara 6 inatoa karibu milimita 7, na mboni ya mtu mzima gizani haipanuki kupita hapo. Kinachozidi hakiingii jichoni, ila uzito wake utaubeba.

Ukuzaji wa mara 24 nao ni mtego. Ukikuza sana, eneo unaloliona hupungua, mnyama akipiga hatua mbili unampoteza, na mtetemo wa mapigo ya moyo wako unaonekana kama bunduki ina homa. Niliijaribu moja ya bei rahisi ya namna hiyo, jina lake nitaliacha. Tulipozungusha marekebisho yake kwa mzunguko wa mraba, juu, kulia, chini, kushoto, msalaba wa kulengea ulio ndani yake haukurudi mahali ulipoanzia. Fanyeni jaribio hilo kabla ya kuiamini darubini yoyote. Angalieni pia nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma, ambayo isipungue sentimita 9, la sivyo ukingo wa darubini utakuchana nyusi siku ya kwanza.

Kwa wanaoishi pwani kama sisi, kuna adui ambaye vitabu vya Wazungu wa bara humtaja kwa mstari mmoja, naye ni chumvi. Kuanzia kusi inapoanza kuvuma hadi kaskazi iingie, hewa yetu hula bawaba, hula tangi la pikipiki, na mtutu wa chuma cheusi usiopakwa mafuta huota kutu kwa usiku mchache. Chuma cha pua hustahimili zaidi, ingawa nacho hushika kutu ukikipuuza. Kitako cha mbao ni kizuri kwa macho, na seremala wa Lamu atakwambia vilevile kwamba mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kujikunja. Mbao hiyo ikiugusa mtutu, shabaha huhama bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo hapa nachagua plastiki ngumu na chuma cha pua, hata kama havina uzuri wa kupigia picha. Usihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi wala mfuko wa sponji, kwa sababu vyote viwili hufuga unyevu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, maana jasho la mkono nalo ni chumvi. Darubini iwe imejazwa gesi kavu na kuzibwa, kama zilivyo hizi mbili, kwa kuwa kuvu ikiota ndani ya lenzi hakuna kitambaa kitakachoifikia.

Pete na reli (kipande kinachoshikilia pete juu ya bunduki) zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Baada ya hapo nenda uwanjani, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, anza mita 25 ili ujue risasi zinatua wapi, kisha rudi mita 100. Darubini hizi husogea robo ya MOA (kipimo kidogo cha pembe, moja ya sitini ya nyuzi) kwa kila mbofyo, ambayo kwa mita 100 ni kama milimita 7, kwa hiyo kundi la risasi tatu likitua sentimita 7 chini ya alama, pandisha mibofyo 10. Rekebisha kwa kundi, usirekebishe kwa risasi moja. Ukishaiweka sawa kwa mita 100, risasi ya .308 itashuka zaidi ya sentimita 10 ikifika mita 200. Tumia risasi za aina moja na uzito mmoja kutoka hapo hadi porini, kwani ukibadilisha greni 150 kwa 180 utalazimika kuanza upya.

Anayenunua iliyotumika, na zipo CZ 550 nyingi nzuri za mkono wa pili, aitoe bolti na autazame mtutu kwa ndani dhidi ya mwanga. Mifuo inayoizungusha risasi iwe na kingo kali, pasiwe na vishimo vya kutu, na mdomo wa mtutu usiwe na mkwaruzo, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kibali cha muuzaji, tarakimu kwa tarakimu, na ulipe baada ya polisi kuidhinisha uhamisho, si kabla.